Mwalimu wa Orodha Fupi

Kwenye chumba cha kompyuta tuliingia bila viatu, na hakuna aliyesamehewa. Bwana mmoja mkubwa kutoka makao makuu alifika na viatu vinavyong'aa, akaambiwa avue, akavua, tukaona soksi ya kushoto imetoboka na kidole gumba kinachungulia. Mwalimu alikitazama kile kidole kwa utulivu kabisa, kisha akasema, "Karibu ndani, mzee. Vumbi la Shinyanga halisomi barua ya cheo." Sisi tuliosimama nyuma tuliuma midomo.

Namwita Mwalimu kwa sababu ndivyo tulivyomwita sote. Alifundisha hesabu sekondari miaka mingi, mpaka mradi wetu wa kifua kikuu ulipoletewa kompyuta, miaka ya themanini ikiwa bado michanga, ukatafuta mtu asiyeogopa namba. Alipelekwa Dar es Salaam miezi mitatu, akarudi na vitabu viwili vinene vya Kiingereza na mafua. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa serikali, mama wa watoto wanne tayari. Kazi yangu ilikuwa kuingiza kwenye mashine fomu za wagonjwa kutoka vituo vya afya: Kahama, Ushirombo, vijiji vya njiani, mpaka machimboni upande wa Geita, ambako watu walitafuta dhahabu kwa nyundo na tindo.

Nitasimulia mengi ya kuchekesha juu yake, maana alichekesha. Lakini nasema mapema, usije ukadhani nimekuficha: watu watano walikufa kwa sababu ya orodha iliyotoka kwenye mashine yetu. Siwezi kumkumbuka yeye nikawaacha wao.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu hata Oktoba, joto linapopasua midomo. Mchana alikula matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokaushwa juani, kutoka kwenye kopo la biskuti. Alikula amesimama uani karibu na jenereta, kwa sababu makombo huita panya na panya hula nyaya. Kopo la pili linalofanana na lile lilikuwa na disketi. Siku moja aliyachanganya, akamfungulia mgeni wa Wizara kopo la viazi na kumwambia, "Kumbukumbu zote za mkoa zimo humu." Mgeni alichukua kimoja akatafuna. Mwalimu hakucheka, alikasirika siku mbili, na aliyemkasirikia ni mimi.

Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wake. Asubuhi anakwambia, "Uliza, Mama Sayi, kuuliza si ujinga." Saa nne ukiuliza, unajuta kuzaliwa. Wiki zangu za kwanza nilitaka kujua kama mahali palipoachwa wazi kwenye fomu napo niingize kitu au nipite tu. Akageuza kiti, akavua miwani. "Mama Sayi, wageni wawili wamekaa, kati yao kuna kiti kitupu. Kile kiti kimekwenda wapi? Kimekwenda sokoni?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Nilijifunza kwamba mahali patupu napo huhesabiwa, na nilijifunza pia kufunga mdomo. Somo la pili lilinikaa zaidi kuliko la kwanza.

Na bado mtu huyohuyo, Sayi wangu alipolazwa kwa surua hospitali ya Kolandoto, alikaa kwenye kiti changu siku nne akiingiza fomu zangu kwa vidole viwili, tak, tak, kama kuku anayedonoa. Chini ya kila ukurasa aliandika herufi za jina langu, ili ionekane nilikuwepo kazini. Sikuwahi kumshukuru ipasavyo. Niliporudi alinipokea kwa kusema kiti changu kinauma mgongo.

Jambo alilolipenda kuliko yote lilikuwa namna ya kutafuta. Kulikuwa na njia mbili za kuiambia mashine itafute kitu. Njia ya kwanza unaipa kipande tu, tuseme namba 62, nayo inapita kila mstari na kukutolea kila wenye 62 ndani yake, popote ilipo: kwenye namba ya mgonjwa, kwenye tarehe, katikati ya namba ndefu zaidi. Njia ya pili unaieleza umbo na mahali: nataka tarakimu mbili, zisimame zenyewe, ziwe kwenye chumba cha tano. Kila sehemu ya mstari aliiita chumba. Mstari wa mgonjwa ulikuwa na vyumba sita, namba yake, jina, kijiji, kituo, toleo la dawa aliyopewa, na tarehe. Njia ya kwanza ilikuwa kazi ya dakika mbili. Ya pili ilimla asubuhi nzima, na aliipenda hiyo.

"Ng'ombe wako amepotea," alitufundisha. "Ukitangaza unatafuta mwenye baka jeupe, utaletewa nusu ya mifugo ya Usukuma. Sema baka jeupe, bega la kushoto, pembe moja imeinama. Huyo atakuja peke yake."

Masanja, dereva wetu, alikuwa mlangoni na viatu vyake mkononi. "Na kama hiyo pembe imevunjikia hukohuko alikopotea, Mwalimu?"

"Basi huyo si ng'ombe wangu tena."

"Mh. Mimi ningemchukua hivyohivyo."

Tulicheka. Masanja alikuwa na tabia ya kusema kitu cha maana kwa sauti ya kipuuzi, na Mwalimu alikuwa na tabia ya kutomsikiliza mtu asiyemaliza darasa la saba.

Nilidhani ni ubishi wa mtu wa hesabu tu, mpaka mke wake aliponisimulia kwa nini. Shangazi yake Mwalimu, aliyemlea, alikuwa na macho mekundu. Alipika miaka arobaini kwenye jiko la kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha, ni nani macho yake yasingekuwa mekundu? Mwaka mmoja watoto walikufa mfululizo kijijini, watu wakaanza kutafuta mchawi, na alama waliyopewa na mganga ilikuwa moja tu. Walipita nyumba hadi nyumba. Vikongwe watatu waliuawa kwa mapanga, na shangazi alikuwa wa pili. Mwalimu alikuwa kazini, alikuta kaburi.

Yeye mwenyewe alinigusia jambo hilo mara moja tu, tukiwa tunakunja karatasi za printa. "Ukitafuta kwa alama moja," alisema, "utaipata kwa watu wengi wasio na hatia." Halafu akaniambia nimekunja vibaya.

Basi ilikuwa Jumatano. Ikaja simu ya maandishi kutoka juu: vidonge vya kifua vya toleo namba 417 vimetengenezwa kimakosa, nguvu yake ni mara tatu ya inayotakiwa. Anayemeza wiki kadhaa macho yanageuka manjano, ini linaharibika, na akiendelea anakufa. Akiachishwa mapema anapona. Ujumbe ulipelekwa vituoni kwa njia zote zilizokuwepo, pengine redio, pengine barua mkononi mwa kondakta wa basi, lakini dawa ilikuwa imeshatoka vituoni. Wagonjwa walikuwa wamechukua mgao wa miezi miwili, wako majumbani mwao, wanameza kwa uaminifu kama tulivyowahimiza. Ilibidi kujua ni nani hasa, na kumfuata kila mmoja.

Daktari wa mradi alivua viatu bila kuambiwa, akasimama nyuma ya Mwalimu. "Mashine inaweza?"

"Hii ndiyo kazi yake," Mwalimu akasema.

Alianza na njia ya haraka, kuonyesha ubaya wake, nadhani. Akaiambia itoe kila mstari wenye 417 popote. Printa ikalia weee, karatasi ikateremka mpaka sakafuni, ikajikunja, ikaendelea. Majina zaidi ya mia sita. Mgonjwa namba 4170 yumo, namba 1417 yumo, watu ambao hawakuwahi kuliona hilo toleo. Daktari alishika kichwa. Tulikuwa na Landrova moja na pipa moja la petroli, na miaka ile pipa la pili lilikuwa ndoto. Majina mia sita yangetuchukua miezi miwili, na kila tutakayemfikia tutakuwa tumemtia hofu ya kifo.

"Nipeni mpaka saa nane mchana," Mwalimu akasema.

Akaandika programu yake. Tarakimu tatu, 417, zisimame zenyewe, chumba cha tano. Kabla ya kuiendesha aligeuka kwangu. Aliniuliza kwa upole, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Mama Sayi, wewe ndiye uliyeingiza. Mistari yote imekaa sawasawa kwenye vyumba vyake?"

Nilijua haijakaa. Fomu za machimboni, zilizoanza kuja miezi minane nyuma, zilikuwa za ajabu tangu mwanzo: pale pa kijiji palikuwa na jina la kituo, pale pa kituo palikuwa na namba, na tarehe ilikuwa mara mbili, pale pa toleo na pale pake. Niliziingiza kama zilivyokuja. Wiki ya kwanza nilitaka kumwuliza, nikakumbuka kiti kilichokwenda sokoni. Sasa Daktari amesimama, watu wamejaa mlangoni, niseme kwamba nimekuwa nikiingiza upuuzi miezi minane bila kuuliza?

"Imekaa, Mwalimu," nikasema.

Ikatoka karatasi moja na nusu. Watu thelathini na wanane.

Sijawahi kuona watu wakifurahia karatasi namna ile. Daktari alimkumbatia. Masanja aliondoka jioni hiyohiyo na muuguzi, na kwa siku nne walipita kila kijiji kwenye orodha, mpaka ng'ambo ya Ushirombo. Wote thelathini na wanane walipatikana hai. Waliokwisha kuanza manjano walipelekwa hospitali, wakapona. Tuliagiza soda kreti nzima, na Mwalimu alikunywa mbili, akafungua kifungo cha juu cha shati. Ndiyo mara pekee.

Siku ya kumi na mbili lori la wafanyabiashara lilimshusha mtu mlangoni kwetu. Alikuwa mchimbaji, kijana mwenye mabega mapana, ngozi imejaa vumbi la mawe, na weupe wote wa macho yake ulikuwa manjano. Alikuwa na kadi yetu mkononi. Alisema wenzake wako vilevile huko, na wawili wamezikwa.

Mwalimu alichukua kadi, akautafuta mstari wa yule kijana kwenye mashine. Alikaa akiutazama. Toleo 417 lilikuwa chumba cha nne. Alibadilisha programu, mahali pamoja tu: 417 isimame yenyewe, chumba chochote. Ilimchukua muda wa kuchemsha chai. Wakatoka arobaini na tisa, wale thelathini na wanane, na kumi na mmoja zaidi, wote wa kituo kimoja cha machimboni. Njia hiyo ya tatu ilikuwepo siku zote, katikati ya zile mbili, na mtu aliyetufundisha kutafuta hakuiona kwa sababu alikuwa anagombana na ile ya kwanza.

Mimi nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake na mikono yangu juu ya vitufe. Nilitaka kusema. Sikusema.

Masanja aliendesha bila kulala. Walimkuta mganga msaidizi wa kile kituo, mtu mwema, aliyekuwa akigawa dawa kwenye kibanda cha mabati bila redio wala msaidizi. Barua ya kusimamisha dawa ilimfikia siku hiyohiyo waliyofika wao. Mwalimu, aliyelazimisha kupanda gari, alimwuliza kwa nini fomu zake zimesogea.

"Sasa Mwalimu, hawa watu kijiji wanacho?" yule bwana alijibu. "Leo yuko duara hili, shimo hili, wiki ijayo lile, mawe ya dhahabu yakitoka kwingine anahamia huko. Nikiacha patupu, fomu inarudishwa eti haijakamilika. Nikiandika kijiji cha uongo, nafsi inanisuta. Nikaona nisogeze tu, tarehe niirudie mwishoni, nafasi zote zijae."

Mwalimu hakumgombeza. Masanja aliniambia kwamba alikaa chini palepale, juu ya mawe, na suruali yake ya kazini.

Sita walipona. Watano walikufa: wachimbaji wanne, na mama mmoja aliyewapikia ugali pale machimboni. Huyo mama alikuwa wa mwisho. Walimkuta bado anameza. Alikuwa hajakosa kidonge hata kimoja, alivihesabu kwa punje za mahindi kwenye kikombe, kila siku anatoa punje moja. Alimwonyesha Masanja kwa fahari, akiwa amelala. Hilo la punje ndilo lisiloniacha. Sisi ndio tuliomfundisha kuwa mwaminifu kwa dawa.

Uchunguzi ulifanyika, na Mwalimu aliandika taarifa ya kurasa tatu. Niliichapa mimi. Aliandika kwamba kosa ni lake, kwamba hakukagua mistari, kwamba alichagua namna nyembamba ya kutafuta pale ambapo kukosa mmoja ni kuua. Jina langu halikuwemo. Nilisubiri nilione, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na nilipofika mwisho bila kuliona nilifurahi. Nilifurahi kweli, sitajipamba. Aibu ilikuja baadaye, ikakaa.

Akaacha mradi. Mashine ilifunikwa kitenge, na mtu aliyekuja baada yake aliingia na viatu.

Nilimwona tena mara moja, miaka minne baadaye, muongo ule ukiwa unakwisha. Nilisikia Kahama kwamba anaishi Ushirombo na anaumwa, nikapanda basi kwenda huko bila kumwambia mtu nyumbani ninakwenda kufanya nini. Mke wake alinipokea mlangoni. "Mwadila, mayu," akanisalimu, akanishika mikono yote miwili kwa muda mrefu, nikajua hali si nzuri.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini. Alikuwa amekwisha. Shati limefungwa mpaka juu na shingo imelegea ndani yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Sayi. Sayi hajambo?"

"Hajambo. Yuko kidato cha pili."

"Hesabu?"

"Anajitahidi."

"Maana yake hajui," akasema, na kwa muda mfupi alikuwa yeye.

Tulikunywa uji. Nilizungumza habari za mvua, habari za Masanja, habari za kila kitu. Mke wake alipotoka kwenda kisimani niliweka kikombe chini. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu stendi ya Kahama, yakanitoka hovyo.

"Mwalimu, ile mistari ya machimboni niliiona. Nilipokuwa naingiza, niliiona kwamba imesogea. Uliponiuliza mbele ya Daktari nikasema imekaa. Nilikuogopa. Wewe umebeba peke yako, na mimi nilijua."

Hakuonyesha kushtuka. Nilitaka anitukane, nilitaka ule ulimi wake wa zamani. Alitazama mlango uliokuwa wazi, kisha akaanza kusema taratibu.

"Siku ile nilikuwa na orodha mbili mezani. Ile ndefu, na ile fupi. Kabla sijampa Daktari ile fupi nilizilinganisha, kituo kwa kituo, kama nilivyozoea. Kwenye ndefu machimbo yalikuwemo, watu kama kumi na watano. Kwenye fupi hapakuwa na mtu wa machimbo hata mmoja. Niliona."

"Uliona?"

"Niliona, Mama Sayi. Nikasema moyoni, labda toleo lile halikufika kule. Sikuuliza. Karatasi moja na nusu. Ilikuwa safi mno. Nikaipenda."

Nilikuwa nimesafiri kwenda kushusha mzigo, na nikakuta aliyenibebea ana wake mwingine chini yake, wa miaka ileile. Nililia. Yeye hakulia, alikuwa anahema kwa shida.

"Yule mama mpishi," akasema baadaye. "Niliwatafuta watoto wake. Wako kwa bibi yao, huku chini Runzewe. Nilikuwa nakwenda kuwafundisha Jumamosi, kabla miguu haijakataa. Wawili, wa kike na wa kiume."

"Watatu," nikasema. Sikufikiri, lilinitoka. Niliiingiza fomu yake kwa mikono yangu mwenyewe, na nyuma yake yule mganga msaidizi alikuwa ameandika kwa penseli kwamba mgonjwa ana watoto watatu nyumbani, na majina yao, wapimwe nao.

Mwalimu alinigeukia. "Mimi najua wawili."

"Fomu ilisema watatu, Mwalimu."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, jina la huyo wa tatu.

Sikulijua. Mashine haikuwa na chumba cha watoto, kwa hiyo sikuwa nimeliingiza.